Nahodha Akilewa: Mwongozo Kamili wa Sheria, Adhabu na Hatua za Kuchukua kwa Wanaosafiri Majini Mtwara na Lindi

"Baharini hakuna trafiki." Kauli hii utaisikia Feri ya Mtwara, utaisikia Mikindani, na ukivuka kwenda Kitunda kutoka Lindi mjini utaikuta imekutangulia. Mara nyingi anayeisema anatetea chupa. Ni kweli kwamba hakuna askari anayekaa mlangoni mwa ghuba na kipima pumzi mkononi. Lakini kutoka hapo hadi kusema hakuna sheria ni kujidanganya. Sheria ipo, na mtu akifa, adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Ya barabarani huweza kukusimamisha njiani kabla hujaua mtu. Ya baharini, hasa kwa vyombo vyetu vidogo, mara nyingi hukusubiri ufukweni baada ya msiba.

Ndiyo maana mwongozo huu haumhusu nahodha peke yake. Unamhusu tajiri mwenye chombo, mabaharia, viongozi wa diko, yaani pale vyombo vinapotia nanga na kupakia, na abiria anayevuka kwenda Msangamkuu, Songo Songo au Kilwa Kisiwani akiwa na mtoto mgongoni na kapu la samaki.

Niseme jambo moja mapema. Pwani yetu pombe hunywewa kwa kificho, na ikizungumzwa, huzungumzwa kama dhambi. Mashehe na mapadri wana nafasi yao katika hilo. Hapa tunazungumza saa na ushahidi tu, kwa sababu aibu imetufanya tushughulike na harufu ya mdomo tukasahau kuuliza mtu alimaliza kunywa saa ngapi.

Hatua ya 1: Ijue sheria inayokugusa

Anza na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania. Humo mna kosa la kutenda kwa pupa au kwa uzembe kwa namna inayohatarisha maisha ya watu au inayoweza kumdhuru mtu mwingine. Watu wengi wanalijua kosa hili kwa madereva wa magari. Wachache wanajua kwamba orodha yake inataja pia kuongoza chombo cha majini, au kushiriki katika kukiongoza au kukiendesha. Hilo neno "kushiriki" ni zito. Halimwachi nje baharia aliyeshika demani, kamba ya kuongozea tanga, wala kijana anayeangalia mashine wakati mwenzake yuko kwenye usukani.

Kosa hilo halitaji kiwango chochote cha pombe. Barabarani, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na wakili anaweza kubishana juu ya namba. Kwenye kosa la uzembe majini swali ni moja: uliendesha vipi? Ulipita kwenye mwamba ambao kila mtoto wa Msimbati anaujua? Ulikatiza mbele ya kivuko? Uliacha usukani ukaenda kulala? Pombe inaingia kama maelezo ya kwa nini ulifanya hivyo. Kwa hiyo mtu anayesema "sikulewa, nilionja tu" anajibu swali ambalo huenda hakuulizwa.

Pale ambapo Kanuni ya Adhabu haikutaja adhabu maalumu kwa kosa fulani, adhabu ya jumla ni kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Kuna kosa jingine linalokwenda sambamba na hili: kubeba watu majini kwa malipo katika chombo kibovu au kilichojazwa hadi kisiwe salama. Hili linamgusa aliyebeba na aliyesababisha watu wabebwe. Tajiri anayekaa kibarazani akihesabu nauli ajue kwamba maneno "aliyesababisha" yanaweza kumfika.

Mtu akifa, mambo hubadilika kabisa. Kifo kilichotokana na uzembe mkubwa wa mtu aliyekuwa na wajibu wa kulinda uhai wa wengine kinaweza kufunguliwa shitaka la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kesi ya namna hiyo ni ya Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ina masjala yake hapahapa Mtwara.

Je, ulevi wenyewe ni utetezi? "Mheshimiwa, sikuwa na akili zangu." Kanuni ya Adhabu inasema wazi kwamba ulevi si utetezi, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano pale mtu alipoleweshwa na mwingine bila ridhaa yake kiasi cha kutojua anachofanya. Aliyejinywea mwenyewe hana mlango huo.

Upande wa leseni na ukaguzi, sheria mama ni ile ya meli ya mwaka 2003, na anayeisimamia Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya 2017 na kuchukua kazi za majini zilizokuwa za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini. TASAC ndiyo inayokagua vyombo na kutoa vyeti. Nahodha mwenye cheti akipatikana na kosa anaweza kupoteza cheti pamoja na uhuru. Chombo cha uvuvi kina leseni yake chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, na ukiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, utakutana pia na askari wa hifadhi.

Vijana wa Mtwara na Kilwa wanaofanya kazi kwenye meli kubwa wana namba za kukariri. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, kwa marekebisho ya Manila ya 2010 yaliyoanza kutumika 2012, unataka kikomo kisichozidi asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, au miligramu 0.25 kwa lita ya pumzi, kwa maofisa na mabaharia wenye majukumu ya usalama, ulinzi na mazingira. Hicho ni kikomo cha juu. Meli nyingi, hasa zinazohudumia gesi na mafuta, zina kanuni ya sifuri: ukikutwa na chochote, unashushwa bandari inayofuata. Ukifika Marekani, kikomo cha kanuni za shirikisho ni asilimia 0.08 kwa vyombo vya starehe na 0.04 kwa wanaofanya kazi kwenye vyombo vya biashara.

Hatua ya 2: Hesabu saa kabla ya kuhesabu abiria

Gari linaweza kuchelewa saa moja likaondoka. Chombo chetu kinaondoka na maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji ya Mtwara hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, na ukiyakosa yanapotoka, unabaki umelala kwenye tope hadi yarudi. Kwa hiyo saa ya kuondoka haipangwi na nahodha, na mara nyingi huangukia saa 9 au saa 10 alfajiri. Hapo ndipo pombe ya jana usiku inapokutana na safari ya leo.

Tufanye hesabu. Chupa kubwa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi. Mwanamume wa kilo 70 akianza saa 1 usiku, akanywa chupa 5 na kumaliza saa 5 usiku, amejaza kama gramu 100. Mwili wake huipunguza pombe iliyo kwenye damu kwa wastani wa asilimia 0.015 kila saa. Ifikapo saa 10 alfajiri, baada ya usingizi wa saa kadhaa, damu yake bado inaweza kuwa na karibu asilimia 0.075. Hiyo imepita kikomo cha mabaharia cha 0.05. Kuisha kabisa kunaweza kumpeleka hadi saa 3 asubuhi. Kwa mwanamke, au mtu mwembamba, kiasi hichohicho hupanda juu zaidi. Hesabu hii ni ya makadirio, miili haifanani, na ndiyo sababu ya kuacha nafasi kubwa badala ya kubana.

Hakuna cha kuiharakisha. Kuoga maji baridi humwamsha mlevi, hakumtoi pombe. Kahawa chungu ni hivyohivyo. Supu ya pweza ni tamu na sitamkataza mtu kuinywa, lakini ini linafanya kazi kwa mwendo wake.

Tatizo kubwa zaidi kwetu kusini ni vinywaji visivyo na lebo. Msimu wa korosho ukiwadia, kuanzia Oktoba, mabibo, matunda ya mkorosho, yanajaa na uraka, pombe yake, unamwagika. Uraka wa asubuhi na uraka wa jioni si kitu kimoja, kwa sababu unaendelea kuchacha ndani ya dumu. Tembo la mnazi nalo ni vilevile: lililogemwa alfajiri ni laini, la jioni linakuangusha. Nipa, au gongo la mabibo, si tu kwamba nguvu yake haijulikani. Kuipika na kuiuza bila kibali ni kosa la jinai, na ikipikwa vibaya inaweza kuwa na sumu inayopofusha macho. Viroba vilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017, hivyo nahodha anayekuonyesha pakiti mfukoni tayari yuko makosani kabla hajawasha mashine.

Kanuni ninayoipendekeza ni rahisi kukumbuka: anayeshika usukani alfajiri hanywi kabisa kuanzia jana yake mchana. Kwa uraka, tembo na nipa usijaribu kupiga hesabu, kwa sababu huna namba ya kuanzia.

Usisahau vitu vingine vinavyolevya. Bangi na mirungi ni haramu kisheria hata nchi kavu. Dawa halali pia zina mambo yake: piritoni aliyomeza nahodha kwa ajili ya mafua inaweza kumsinziza kwenye usukani, na ikichanganywa na pombe, hata kidogo, usingizi unazidi.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini bahari huizidishia pombe nguvu

Mtu anayehimili chupa 3 kibarazani anadhani atazihimili na chomboni. Haiwi hivyo. Jua, upepo, mtetemo wa mashine, kelele na kuyumba kwa saa nyingi huchosha mwili hata wa asiyekunywa. Pombe huja juu ya uchovu huo, ikaharibu uwezo wa sikio la ndani wa kushika mizani, ikapunguza macho ya usiku, ikachelewesha mkono. Kusi likishika kasi katikati ya mwaka, kuchelewa kugeuza omo, mbele ya chombo, kulipokea wimbi kwa sekunde chache tu kunatosha kuingiza maji.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulicheka: haja ndogo. Pombe huongeza mkojo, na kwenye boti ya faiba isiyo na choo mwanamume husimama tezini, nyuma ya chombo, mkono mmoja umeshika nguo. Wimbi moja la pembeni linatosha. Akianguka, mishipa ya ngozi iliyotanuka kwa pombe humpotezea joto haraka, na kuogelea kunamshinda mapema kuliko alivyozoea. Maji yetu ni ya uvuguvugu, lakini hata hayo humchosha mtu aliyekaa ndani yake usiku kucha.

Hatua ya 4: Kwa tajiri mwenye chombo

Kama kuna mtu mwenye uwezo wa kuzuia msiba kwa gharama ndogo, ni wewe. Polisi hawapo kwenye diko saa 10 alfajiri. Wewe, au msimamizi wako, upo.

Kwanza, andika makubaliano. Yasiwe ya kurasa nyingi: nahodha hashiki usukani akiwa amekunywa tangu jana mchana, asiyefaa hasafiri, nahodha msaidizi anajulikana kwa jina, msimamizi ana mamlaka ya kuzuia chombo. Mtie saini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Karatasi hiyo itakusaidia siku ukiulizwa ulifanya nini kuzuia. Mahakama ikiona mwajiri hakujali, madai ya fidia ya ndugu wa marehemu hayatamfuata nahodha asiye na kitu. Yatakufuata wewe mwenye nyumba na mashine, maana mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mwajiriwa wake akiwa kazini. Kama chombo kina bima, soma sharti la ulevi kabla ya ajali.

Pili, na hapa matajiri wengi hukosea, usimwadhibu nahodha anayesema ukweli. Akija usiku akakwambia "tajiri, leo sifai, nilikuwa harusini", kisha ukamkata mgawo wa wiki nzima, umewafundisha mabaharia wote kunyamaza. Akose safari moja, mpe zamu msaidizi, yaishe. Adhabu kali iwekwe kwa aliyeficha. Najua wapo watakaosema huu ni ulegevu. Mimi naona ni hesabu: siku moja ya dagaa dhidi ya chombo kizima na watu waliomo.

Tatu, funguo na mafuta vikae kwa msimamizi, visikae kwa nahodha. Mashine nyingi zinazofungwa nyuma ya boti zina kamba ya kuzimia inayofungwa mkononi au kiunoni mwa mwendeshaji. Akianguka, mashine inazima. Nunua, na hakikisha inavaliwa. Kwenye vyombo vingi utaikuta imefungwa kwenye mashine yenyewe, mahali ambapo haina faida yoyote.

Nne, malipo. Chombo cha dagaa kikirudi na shehena, mgawo hulipwa palepale, na jioni hiyohiyo pesa huingia kilabuni huku safari ya kesho ikingoja. Ukiweza, lipa asubuhi ya siku ambayo hakuna safari inayofuata. Mabadiliko haya madogo ya ratiba yanafanya kazi kuliko mahubiri.

Hatua ya 5: Kwa abiria, kabla ya kupanda

Usianze na pua. Karafuu na mnanaa huficha harufu, na wapo wasiokunywa kabisa ambao hutembea kama walevi kwa sababu ya homa, uchovu au sukari iliyoshuka. Angalia kazi. Je, amehesabu watu? Amegawa majaketi okozi, au yamerundikwa chini ya turubai? Anafunga fundo mara moja au anarudia mara tatu? Anavuka kutoka ubao mmoja hadi mwingine bila kushika? Anajibu swali aliloulizwa? Asiyefaa kwa sababu yoyote hafai, iwe pombe au homa.

Namna ya kusema ina uzito wake, kwa sababu nahodha mara nyingi ni mtu mzima na wewe ni kijana au mgeni. Kumwambia mbele ya watu "mzee umelewa" kutamfanya aondoe chombo kwa hasira, na hilo ni baya zaidi. Mwamkie kwanza, kisha uliza kwa pembeni:

"Shikamoo nahodha. Leo usukani anashika nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi mwenyewe."

"Haya. Basi sisi na watoto tutangoja chombo kinachofuata. Mzigo wetu tunaushusha, nahodha."

Huna haja ya kutaja pombe. Watu wawili watatu wakishusha mizigo, wengine huelewa na kufuata, na nahodha naye huelewa. Baada ya hapo mwone msimamizi wa diko, kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha kijiji, yaani BMU, au mwenyekiti wa kijiji. Ukiona chombo kinataka kuondoka na watu hivyohivyo, piga 112 kwa polisi. Taja jina au namba ya chombo, rangi yake, idadi ya watu, kilikotoka na kinakokwenda. Piga picha ya chombo. Picha ya uso wa mtu iache, na usiitupie kwenye makundi ya WhatsApp, itakuletea kesi usiyoihitaji.

Na abiria mlevi je? Nahodha ana kila sababu ya kumkataa. Mtu anayesimama ovyo kwenye mashua ndogo anaweza kuipindua bila nahodha kukosea chochote.

Hatua ya 6: Mkiwa tayari majini

Hali hii ndiyo ngumu kuliko zote, na shujaa mmoja anaweza kuua watu wote. Usimnyang'anye usukani kwa nguvu. Kukurukakara tezini ni njia ya haraka ya kupinduka.

Kaeni chini, katikati, vaeni majaketi, mkianza na watoto. Mwambie baharia aliye mzima, kwa sauti ya chini, aombe zamu: "Nahodha, pumzika kidogo, nikushikie." Maneno hayo yanampa mtu njia ya kutoka bila fedheha, na mara nyingi hukubali. Akikubali, punguzeni mwendo. Kama ni tanga na upepo ni mkali, lishusheni. Mkiwa kwenye maji mafupi karibu na ufuko, kutia nanga na kungoja ni salama kuliko kulazimisha kupita mlangoni gizani. Aliyelewa alazwe kwa ubavu, mbali na ukingo, mtu mmoja amwangalie asije akatapika akapaliwa.

Mtandao wa simu unashika maeneo mengi ya karibu na pwani, kwa hiyo funga simu kwenye mfuko wa plastiki mapema na piga 112. Chombo chenye redio ya VHF kiite chaneli 16, ambayo ni ya dharura, na kitaje mahali kilipo kwanza kabla ya maelezo mengine. Betri ikikatika katikati ya simulizi, angalau mahali patakuwa pamejulikana.

Hatua ya 7: Baada ya ajali au kukamatwa

Okoa watu kwanza. Nahodha anayekimbia kuogopa kipigo anajiongezea tatizo. Kama ufukweni kuna hasira, nenda moja kwa moja kituo cha polisi ukajisalimishe na ueleze walipo waliobaki.

Majeruhi wachukue fomu namba 3 ya polisi, PF3, wapelekwe hospitali. Aliye mahututi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Ligula iko Mtwara, Sokoine iko Lindi. Damu ichukuliwe mapema kama polisi wanaitaka, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda ya kusini Mtwara.

Kwa nini mapema? Kumbuka meli ya mafuta ya Exxon Valdez iliyopanda mwamba Alaska tarehe 24 Machi 1989. Nahodha wake, Joseph Hazelwood, alikuwa amekunywa nchi kavu siku hiyo. Damu yake ilichukuliwa zaidi ya saa kumi baada ya ajali, na mwaka 1990 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia kwenye shitaka la kuendesha akiwa amelewa. Alitiwa hatiani kwa uzembe wa kumwaga mafuta. Somo hilo lina ncha mbili: damu iliyochelewa ni ushahidi dhaifu, na uzembe unaweza kukufunga hata pale ulevi usipothibitika.

Usinywe chochote chenye pombe baada ya ajali, hata ukipewa "ya kukutuliza moyo". Utaharibu utetezi wako kama ulikuwa mzima, na utaonekana unaficha kama hukuwa.

Ukikamatwa, una haki ya kuelezwa kosa, ya kuwasiliana na ndugu na wakili, na ya kunyamaza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, au apewe dhamana kama kosa linaruhusu. Kutoa jina lako na idadi ya watu waliokuwa chomboni hakukuhukumu, na huenda kukaokoa mtu ambaye bado anaelea. Maelezo ya namna ilivyotokea yasubiri wakili. Soma kabla ya kusaini; kama husomi vizuri, omba usomewe mbele ya ndugu yako.

Abiria na mabaharia walioshuhudia waandike siku hiyohiyo: saa ya kuondoka, nani alishika usukani, alikunywa wapi na lini, bahari ilikuwaje, watu walikuwa wangapi. Baada ya wiki mbili kila mtu atakuwa na simulizi ya jirani yake.

Hatua ya 8: Wekeni sheria yenu kwenye diko

Hili ndilo eneo ambalo jamii za pwani zina nguvu na hazijaitumia vya kutosha. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Rasimu hujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, halmashauri ya kijiji huipitisha, na halmashauri ya wilaya huidhinisha ndipo ipate nguvu. Kwenye mitaa ya mjini, kama Mikindani, njia ni kupitia halmashauri ya manispaa. BMU, ambazo zinatambuliwa na Kanuni za Uvuvi za 2009, ndizo zinazofaa kuanzisha rasimu kwa sababu zinawajua manahodha kwa majina.

Rasimu iseme mambo machache yanayopimika. "Ni marufuku kulewa" haipimiki. "Chombo cha abiria hakiondoki bila nahodha na msaidizi kuandikishwa kwenye daftari la diko" inapimika. "Haiuzwi pombe ndani ya hatua kadhaa za mahali pa kupakilia abiria" inapimika, mkikubaliana hatua hizo ni ngapi. Msimamizi wa zamu apewe uwezo wa kuzuia chombo hadi maji yanayofuata, na nahodha aliyezuiwa awe na mahali pa kukata rufaa siku hiyohiyo, vinginevyo daftari litageuka silaha ya kulipiza visasi vya nyavu.

Msiweke faini ambayo hakuna atakayeweza kuilipa, kwa sababu hakuna atakayeitoza. Kukosa safari moja ya bamvua kunauma kuliko faini nyingi. Rasimu ikishaidhinishwa, bandikeni nakala kwenye ofisi ya BMU na nyingine pale wanapouziwa mafuta ya mashine, maana hapo kila nahodha hupita akiwa bado hajaondoka.